Fadhili William Mdawida: Mtaita aliyewachezesha watu taratibu na kuiachia dunia Malaika

Katika kumbi za harusi, hoteli za ufuo wa Pwani na hafla za Waafrika walio ughaibuni, ni nadra usiku kupita bila ya bendi kupiga wimbo Malaika. Wengi wanaoucheza wimbo huo huudhani ni wa Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Wengine huudhani ni wa jadi, usio na mwenyewe. Wachache ndio hukumbuka kwamba aliyeutia katika santuri na kuufanya ujulikane alikuwa kijana kutoka milima ya Taita, Fadhili William Mdawida.

Mwanamuziki huyo alizaliwa tarehe 11 Novemba, 1938 na kufariki dunia tarehe 11 Februari, 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Kati ya tarehe hizo mbili alipanda hadi kileleni mwa muziki wa dansi wa Kenya, akaongoza mojawapo ya bendi mashuhuri za Nairobi, akahamia ng'ambo kwa miaka mingi, kisha akarejea nyumbani na kukuta wimbo wake ukiwa na umaarufu mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

Jina lake la mwisho ni kitambulisho tosha cha asili yake. Mdawida ni mtu wa Dawida, yaani Mtaita kwa lugha ya wenyeji. Dawida ndiyo milima mikubwa ya eneo hilo, na kando yake husimama Sagalla na Kasigau. Chini ya milima hiyo zimetanda nyanda kame, mashamba ya mkonge ya Mwatate, na mji wa Voi.

Voi haukuwa mji wa kawaida kwa mtu aliyependa muziki. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo kabla ya karne ya 19 kumalizika, ikaendelea kuelekea Nairobi na Ziwa Victoria. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1915, Waingereza walianza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta ili kupeleka majeshi dhidi ya Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Baadaye njia hiyo iliunganishwa na ile ya Moshi. Hivyo basi Taita Taveta ikawa njia panda: upande mmoja Mombasa, upande wa pili Nairobi, na upande wa tatu Kilimanjaro.

Katika njia panda, nyimbo husafiri kama watu. Kibarua wa mkonge, karani wa reli, askari aliyetoka vitani na mchuuzi wa mpakani wote hubeba wimbo waliousikia walikotoka na kuuacha walikolala. Jambo hili lafaa kukumbukwa mapema, kwani ndilo kiini cha mzozo ulioandama jina la Fadhili William hadi kaburini.

Wataita wenyewe walikuwa na ngoma zao kabla ya gitaa kufika. Mwazindika na Kishawi ni miongoni mwa zile zinazotajwa sana, na zilihusishwa na tiba na mambo ya pepo kama zilivyohusishwa na burudani. Kama zilivyo ngoma nyingi za Afrika Mashariki, utamu wake hautokani na mdundo mmoja. Ngoma moja hushikilia mwendo, nyingine huujibu, na mchezaji huchagua mguu ufuate ipi na mabega yafuate ipi. Mtoto aliyekulia katika mazingira ya namna hiyo hahitaji kufundishwa darasani kwamba midundo miwili tofauti yaweza kuishi ndani ya wimbo mmoja.

Ala za kigeni zilipowasili zilikuta sikio la aina hiyo likizisubiri. Kinanda cha mkono, ambacho wengi hukiita kodiani, kilifika na wanajeshi, mabaharia, walowezi na wamishonari. Kilikuwa na faida kubwa kwa mpigaji wa kumbi ndogo. Mtu mmoja aliweza kuvuta na kusukuma mifuo kwa mikono miwili, akatoa sauti ya wimbo kwa vidole vya mkono mmoja na mwitikio kwa vidole vya mkono mwingine, na sauti hiyo ikasikika ukumbi mzima bila ya umeme.

Huko Kenya ya Kati, katika miaka ya 1940, kodiani ilizaa mwomboko. Vijana wa Kikuyu walichukua mitindo ya Kizungu ya kucheza wawili wawili, hasa ile yenye hesabu ya tatu na ile yenye hesabu ya nne, wakaioanisha na mwendo wao wenyewe wa kupiga hatua na kuinama. Kando ya mpiga kodiani alikaa mpigaji wa karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma. Kodiani ilishika wimbo, chuma kikashika mwendo, na wachezaji wakageuka pamoja. Pwani nako kodiani ilipata kiti chake katika taarabu, kando ya fidla, udi na ngoma.

Vita Vikuu vya Pili viliongeza kasi ya mabadiliko hayo. Jeshi la King's African Rifles liliunda kikundi cha burudani ambacho kiliwatumbuiza askari wa Kiafrika hadi India na Burma. Vijana waliokuwa katika kikundi hicho walijifunza gitaa, kodiani na ngoma za kizungu, na waliporejea hawakuziweka chini. Kutokana nao ilitokea bendi ya Rhino. Katika kizazi hicho walivuma akina Fundi Konde, Lucas Tututu na Paul Mwachupa, ambao waliimba Kiswahili cha upole juu ya midundo ya rumba na mitindo mingine ya dansi.

Hiyo ndiyo meza aliyoikuta Fadhili William alipoanza kujitafutia riziki kwa gitaa katika miaka ya 1950. Hakuanzisha dansi. Aliirithi ikiwa imeiva, na kazi yake ikawa kuichagulia viungo vipya.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa na kiu ya muziki. Wafanyakazi wa Kiafrika walikusanyika katika kumbi za mitaa yao, kama vile Pumwani na Kaloleni, kucheza dansi mwisho wa juma. Kampuni za santuri zilikuwa zikitafuta sauti mpya kila uchao. Wapiga gitaa kutoka Congo, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, walifika jijini na kuwaonyesha wenzao namna ya kulifanya gitaa moja liseme kama magitaa mawili. Kutoka Afrika Kusini zilikuja santuri za kwela zenye mwendo wa kurukaruka. Na baada ya mwaka 1960, twisti ya Marekani ikavuma duniani kote.

Fadhili aliunda bendi ya Jambo Boys, na ni kwa bendi hiyo ndipo alipoirekodi Malaika kwa mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye alijiunga na studio ya Equator Sound iliyomilikiwa na Charles Worrod, na akawa kiongozi wa bendi ya studio hiyo. Alizungukwa na vipaji ambavyo leo hii vyatajwa kwa heshima: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, pamoja na Wazambia Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma.

Bendi ya Equator ilikuwa karakana ya midundo. Mkazo wake mkubwa ulikuwa twisti ya Kiafrika, mtindo ambao Kabaka ndiye aliyetawazwa kuwa mfalme wake. Ukiichunguza twisti hiyo utaona kwamba ni ya Marekani kwa jina tu. Gitaa la besi lilitembea kwa mwendo wa kwela ya Afrika Kusini, magitaa ya juu yakachomoa nyuzi kwa ufundi wa Kikongo, na maneno yakawa ya Kiswahili cha mtaani. Kabaka alizaliwa na kulelewa katika ulimwengu wa wafanyakazi wa mjini, na nyimbo zake zikaenda mbio kama mji wenyewe. Mojawapo, Helule Helule, ilichukuliwa na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka 1968 na kuingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana nchini humo.

Fadhili alisimama upande wa pili wa mizani. Pale Kabaka alipoharakisha, yeye alituliza. Sauti yake ilikuwa laini, isiyosukuma, na nyimbo zilizomfaa ni zile zenye noti ndefu ambazo mchezaji angeweza kupumua ndani yake. Ndiyo sababu wawili hao walifaana katika jukwaa moja. Usiku wa dansi hauwezi kuwa wa mbio tangu mwanzo hadi mwisho. Ukumbi huhitaji kupandishwa na kushushwa. Baada ya twisti kuwatoa watu jasho, hufuata wimbo wa pole ambao humrejesha kila mtu kwa mwenzake. Baada ya pole, miguu huanza tena kuwasha. Anayejua kuoanisha midundo ya namna hiyo ndiye anayejaza ukumbi Jumamosi ijayo.

Malaika ni mfano bora wa ustadi huo. Ukiitazama kwa jicho la fundi, haina mambo mengi. Mwitikio wake unasimama juu ya makundi matatu tu ya sauti, yale yale ambayo kila mwanafunzi wa gitaa hujifunza wiki ya kwanza. Wimbo wenyewe hupanda polepole, hukaa, kisha huteremka kama mtu anayekata tamaa. Chini yake mdundo ni wa nne kwa hesabu, lakini una mwyumbo wa rumba ambao humfanya mchezaji asisimame wima kama askari. Sauti yaenda taratibu na mguu una kazi ndogo ndogo ya kufanya. Hapo ndipo siri ilipo: huzuni juu, dansi chini.

Maudhui yake nayo yaliwagusa vijana wa wakati huo bila ya kuhitaji tafsiri. Ni kisa cha mwanamume anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwoa. Kwa kijana wa Taita, wa Kilifi, wa Kisumu au wa Murang'a aliyekuwa akilipwa mshahara mdogo mjini huku mahari ikipanda kijijini, hilo halikuwa pambo la ushairi. Lilikuwa hesabu ya kila mwezi.

Wepesi huo wa muundo ndio uliouwezesha wimbo kuvuka mipaka. Miriam Makeba, aliyezuru Kenya mwaka 1962, aliuchukua na kuuimba kila alikokwenda. Mwaka 1965 ulitokea katika albamu aliyoshirikiana na Harry Belafonte, na albamu hiyo ilitunukiwa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Pete Seeger wa Marekani aliuimba. Kundi la Boney M la Ujerumani liliutia mdundo wa disko mwaka 1981. Angelique Kidjo wa Benin aliurekodi mwaka 1991 katika albamu Logozo. Kila mmoja aliubadilishia mdundo ili ufae wachezaji wake, na kila mara wimbo ulibaki ukitambulika.

Kwa mwanamuziki, hiyo ni sifa kubwa. Kwa mfuko wa Fadhili William, ilikuwa habari nyingine. Mikataba ya kurekodi ya wakati huo ilitungwa na wenye studio, na wanamuziki wengi wa Kiafrika waliikubali bila ya wakili na bila ya kujua kwamba santuri iliyouzwa Nairobi yaweza kuleta mapato London au New York miaka 20 baadaye. Fadhili alilalamika kwa miaka mingi kwamba hakupata matunda yanayolingana na umaarufu wa wimbo uliobeba jina lake.

Zaidi ya hayo, jina hilo lenyewe lilitiwa shaka. Wapo waliosema kwamba mtunzi halisi alikuwa Adam Salim, mzaliwa wa Tanganyika aliyeishi Nairobi katika miaka ya 1940, na kwamba aliutunga kwa ajili ya msichana aliyemkosa kwa sababu ya mali. Wengine walimtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili kwa upande wake alishikilia kwamba wimbo ulikuwa wake na ulitokana na kisa chake mwenyewe cha mapenzi. Lisilobishaniwa sana ni kwamba yeye ndiye aliyeutia katika santuri iliyoufikisha kwa umma, na kwa sababu hiyo ndiye aliyeandikwa.

Mzozo huo hauwezi kueleweka vyema bila ya kurejea katika njia panda ya Voi na kumbi za dansi zilizoitangulia studio. Katika ulimwengu wa kodiani na gitaa la ukumbini, wimbo haukuwa mali ya kufungiwa kabatini. Mpigaji aliusikia kwa mwenzake, akaongeza ubeti, akabadilisha mdundo, akaupeleka mji mwingine. Aliyeupiga vizuri zaidi ndiye aliyesifiwa, na hakuna aliyeuliza hati. Sheria ya hakimiliki yauliza swali tofauti: ni nani aliyetunga, na lini? Kisa cha mapenzi yaliyokwamishwa na mahari kingeweza kuwa cha watu watatu kwa wakati mmoja bila ya hata mmoja wao kusema uongo. Lakini malipo huenda kwa jina moja.

Kwa hiyo wale wanaomshutumu Fadhili kwa kujitwalia cha wengine, na wale wanaomwona kuwa mtu aliyeporwa, huenda wote wanampima kwa kipimo ambacho hakikuwapo alipokuwa akianza kazi. Aliingia studio akiwa na desturi za ukumbi wa dansi na akatoka akiwa chini ya sheria za soko la dunia. Wengi wa rika lake walifanya safari hiyo hiyo, na wachache waliifaidi.

Bendi ya Equator haikudumu milele. Kufikia miaka ya 1970 wanamuziki wake walikuwa wametawanyika. Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliunda Eagles Lupopo, na Gabriel Omolo akavuma kwa wimbo wake Lunchtime. Rumba ya Kongo na benga ya Nyanza zilitwaa kumbi, na mdundo wa twisti ukabaki kumbukumbu ya wazee. Wimbo wa pole wa aina ya Fadhili ulihamia katika hoteli za watalii, ambako bendi za Pwani ziliuhifadhi kama kitambulisho cha nchi.

Fadhili mwenyewe alihamia Marekani na kuishi huko kwa miaka mingi. Aliporejea Kenya katika miaka ya 1990, kizazi kipya kilikuwa kikiusikiliza wimbo wake kwa sauti za wengine. Nchi ilikuwa na chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, kilichoanzishwa mwaka 1983, lakini malalamiko ya wasanii kuhusu malipo duni yalikuwa bado ni yale yale.

Kifo chake mwezi Februari 2001 kilitokea katika kipindi kigumu kwa muziki wa zamani wa Kenya. Fundi Konde alikuwa ametangulia mwaka 2000. Daudi Kabaka akafuata mwezi Novemba 2001. Katika muda usiotimia miaka miwili, taifa lilipoteza watu watatu walioijua kwa vidole vyao wenyewe historia ya dansi, tangu siku za kikundi cha burudani cha jeshi hadi siku za twisti. Mwaka huo huo wa 2001, Bunge la Kenya lilitunga sheria mpya ya hakimiliki, ambayo ilianza kutekelezwa mwaka 2003. Kwa Fadhili, ilikuja kama mvua baada ya mavuno.

Taita Taveta imetoa wanasiasa na wasomi, lakini hapana shaka kwamba hakuna mwana wake ambaye kazi yake imefika mbali kama ya Fadhili William. Hata hivyo, msafiri anayeshuka Voi leo akielekea mbugani Tsavo anaweza kuimba Malaika njia nzima bila ya kujua kwamba milima anayoiona upande wa magharibi ndiyo iliyomlea mwimbaji wake wa kwanza katika santuri.

Urithi wake, basi, una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi: alionyesha kwamba wimbo wa Kiswahili wa makundi matatu ya sauti, ukipewa mdundo unaofaa chini yake, waweza kuchezwa na yeyote popote, awe na gitaa, kodiani au bendi nzima ya disko. Ya pili ni ya onyo: sifa peke yake haijazi chungu. Vijana wanaorekodi sasa kwa simu na kusambaza nyimbo zao kwa intaneti wanaufikia ulimwengu kwa siku moja, safari ambayo Malaika ilichukua miaka. Swali la nani ameandikwa kuwa mtunzi, na nani atalipwa, lingali likiwasubiri mlangoni kama lilivyomsubiri Mdawida.